Wiki nzima tunafukuzia asili ya jina la mume wangu, Warsaw mpaka mpakani Belarus

Jumapili usiku, Warsaw

Mabegi yamefungwa, mtoto yuko kwa bibi yake, kesho tunaanza kumtafuta huyo aliyetuachia jina. Kwa wasionijua, mwenzenu nimeolewa na Mpolandi, nikachukua jina lake, na tangu siku hiyo kila kaunta ni maswali. Mtu ananiangalia mimi, anaangalia kitambulisho, ananiangalia tena, afu anauliza kwa adabu zote, samahani mama, hili jina la wapi? Ingekuwa ni rangi yangu ningeelewa, ila wanamuuliza hata mume wangu mweupe aliyezaliwa hapahapa Warsaw. Mi kwetu Arusha, wazee walitoka Kondoa, ukiniuliza ukoo wa baba nakupeleka mpaka kwa babu wa tano bila kushika karatasi. Yeye jina analo, habari zake hana.

Jina lenyewe silitaji lote hapa. Sio kuringa, ni kwamba wenye hilo jina ni wachache mno, nikiliandika nimewaanika mashemeji zangu wote. Chukueni tu kwamba linaanza na G na linaishia na -wicz. Hiyo -wicz haina siri, ni bin, mtoto wa fulani. Majina yanayoishia -ski mengi ni ya mahali, mtu wa kijiji fulani, na mwanamke wake anageuka -ska, ila -wicz haijali mume wala mke, mi nikaponea hapo. Jina linaloongoza Poland ni Nowak, wapo kama laki mbili. La kwetu ukiliingiza kwenye intaneti inakuuliza kama ulitaka kuandika kitu kingine.

Nyumbani kwao kuna hadithi moja tu, kwamba ukoo ni wa makabaila wa Lithuania. Mi hiyo hadithi nimeisikia kwa kila Mpolandi niliyekaa naye meza moja, wote babu zao walikuwa na farasi na ngao ya ukoo, sijui viazi vilikuwa vinalimwa na nani. Kweli huku makabaila walikuwa wengi kuliko nchi nyingi za Ulaya, wanakadiria mtu mmoja kati ya kumi, na wengi wao ardhi yao haikuzidi ya mkulima wa kawaida. Sasa hao tisa waliobaki watoto wao wako wapi?

Jumatatu, Warsaw, mtaa wa Praga

Tumeanzia kwa shangazi yake mume wangu, dada wa baba yake, ndo mtunza makaratasi wa ukoo. Chai na sirapu ya rasiberi, keki ya jibini vipande viwili kwa lazima, afu ndo kopo la biskuti likafunguliwa. Huwezi kumharakisha, nilishajifunza.

Kwenye kopo kuna vitu ambavyo mi navielewa kuliko mume wangu, maana nusu ya kopo ni Tengeru, ile kambi ya Wapolandi karibu na Arusha. Kwa wa huko nyumbani hii mnaijua, ila wengine labda hawajawahi kusikia. Septemba 17, 1939 jeshi la Sovieti liliingia mashariki ya Poland, na Februari 1940 wakaanza kuzoa familia kwenye mabehewa ya mizigo na kuzipeleka Siberia na kaskazini ya Urusi. Waliolengwa mwanzo walikuwa wale waliopewa mashamba mashariki kama shukrani kwa kupigana vita ya 1920 na Wasovieti, na baba yake babu wa mume wangu alikuwa mmoja wao. 1941 Hitler akaivamia Urusi, Stalin akawaachia Wapolandi, wakateremka kusini kutafuta jeshi lao la Jenerali Anders, wakafa njiani kwa taifodi na njaa. Huyo mzee alifia Guzar, Uzbekistan, 1942. Mkewe na watoto wakavuka bahari ya Kaspi mpaka Iran, na kutoka huko Waingereza wakawasambaza, wengine India, wengine kwetu. Tengeru ndo ilikuwa kambi kubwa Tanganyika, kama watu 5,000, nyumba za msonge za kuezekwa majani, shule, kanisa, mpaka shamba lao. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Morogoro na Kondoa kwetu, bibi yangu alikuwa anawasimulia.

Babu wa mume wangu alifika Tengeru na miaka 13. Mama yake amezikwa palepale, kwenye yale makaburi kama 150 yaliyopo mpaka leo. Vita ilipoisha wenzake wengi wakaenda Uingereza, Kanada na Australia, yeye akarudi Poland, na shangazi anasema mpaka anakufa ukimharakisha alikuwa anajibu kwa Kiswahili, bado kidogo. Mume wangu naye miaka ya karibuni alikuja kulitafuta lile kaburi, mi nikiwa nafanya kazi Usa River, yaliyofuata mnayajua.

Turudi kwenye jina. Kadi ya kambi imepigwa taipu kwa Kiingereza na pale kwenye -wicz karani kaweka -vitch. Cheti cha ubatizo cha mtoto mwingine kina herufi moja imeruka. Barua ya Msalaba Mwekundu ina tahajia ya tatu. Nikamwambia mume wangu hawa wote ni familia moja na hakuna karatasi mbili zinazokubaliana, akasema ndo kawaida ya karatasi za vita, na shangazi akadakia, marehemu babu yenu alikuwa anasema jina la mtu ni lile alilosikia karani.

Kuhusu huyo aliyefia Guzar shangazi anajua vitu vitatu tu. Alikuwa mwanajeshi wa farasi. Alioa 1927. Na kwao ilikuwa "upande wa Sokółka," mji mdogo karibu na Białystok, mashariki huko. Nikauliza, wazazi wake je? Kimya, afu tukaongezewa keki.

Jumanne, Białystok

Treni ya asubuhi, mwendo wa masaa mawili na kitu unafika. Kwa wanaotaka kufanya kazi kama hii huku, sheria ndo hii: vitabu vya vizazi vinakaa ofisi ya usajili miaka 100, vya ndoa na vifo miaka 80, vikishapita hapo vinahamia kwenye kumbukumbu za taifa na mtu yeyote anaweza kuvisoma. Ndoa ya 1927 ilishapita siku nyingi, kwa hiyo hatukuhitaji kubembeleza mtu. Vingi vimeshapigwa picha na viko mtandaoni, na kuna wapenzi wa nasaba wanajitolea kuandika faharasa ya majina kijiji kwa kijiji, Geneteka inaitwa, Mungu awabariki. Ila hiki cha kwetu kilikuwa hakijafanyiwa faharasa kwa hiyo ni kukaa na kufungua ukurasa kwa ukurasa.

Chumba cha kusomea ni kimya mno, kalamu ya wino marufuku, penseli tu, koti na begi vinabaki nje. Mume wangu anasoma, mi kazi yangu kuangalia herufi G, maana mwandiko wa mapadri wa zamani ukishauzoea herufi kubwa unaiona kwa umbo. Tumekaa mpaka mgongo ukalalamika. Na mi ndo niliyeiona.

Ndoa za zamani huku zinaandikwa kama simulizi, sio fomu, kwamba siku fulani, saa fulani, mbele ya mashahidi fulani wakulima wa kijiji fulani, ametokea kijana fulani. Mume wangu akawa ananitafsiria kwa kunong'ona. Bwana harusi, kijana, mkulima, mwanajeshi wa akiba. Amebatizwa katika parokia hiihii wiki tatu zilizopita. Hapo nikasema subiri, mtu mzima anabatizwa wiki tatu kabla ya harusi? Akaendelea, mtoto wa fulani na fulani, na akanyamaza. Nikamwangalia. Akaweka kidole kwenye mstari, wyznania mahometańskiego.

Wa dini ya Muhammad. Wazazi wote wawili.

Jamani nilitaka kupiga ukelele mle ndani. Mimi mtoto wa Kiislamu wa Kondoa, harusi yangu ilisumbua ukoo mzima miaka miwili, wajomba wakiuliza umeshindwaje kupata Muislamu, kumbe mtu mwenyewe vizazi vitatu tu nyuma ni watu wa msikitini! Mume wangu kakaa anaangalia karatasi haongei. Tumetoka nje akavuta sigara, na alishaacha.

Mtumishi wa mapokezi, dada mmoja mpole sana, hakushangaa hata kidogo. Akasema hao ni Watatari, Waislamu wa huku kwetu, wapo tangu zamani, na akatueleza kwa nini ilibidi abatizwe. Sehemu hii kabla ya 1918 ilikuwa chini ya Urusi, na sheria ya ndoa ya Warusi ikaendelea kutumika hata Poland ilipopata uhuru, hakukuwa na ndoa ya serikali kabisa mpaka 1946, unaoa kwa dini au huoi. Kwa hiyo mvulana wa msikitini akimpenda msichana wa kanisani mmoja lazima ahame. Akatuletea na viambatanisho vya ndoa, maana bwana harusi alitakiwa kuleta karatasi ya kuzaliwa, na karatasi ilikuwa ya Kirusi. Tarehe ya kuzaliwa humo inatofautiana siku 12 na ile ya kwenye kopo la shangazi, nikadhani tumekosa mtu, dada akacheka, ni kalenda, Warusi walikuwa bado wanatumia ile ya zamani na karne ya 19 ilikuwa nyuma siku 12. Kijiji cha kuzaliwa: Bohoniki.

Mchana tukaenda maktaba ya mkoa. Kuna kitabu kimoja ambacho kila anayetafuta ukoo wa Kitatari lazima akipitie, cha Stanisław Dziadulewicz, kilitoka Wilno (Vilnius ya leo) 1929, kinaorodhesha familia za Kitatari za Poland moja baada ya nyingine. Mkiyasoma hayo majina mtacheka. Achmatowicz, hapo ni Ahmad. Assanowicz ni Hassan. Mengine ya Watatari nayo hivyohivyo, Szabanowicz, yaani bin Shaabani! Nilikuwa nayasoma kwa sauti kama naita mahudhurio ya madrasa, mpaka mzee wa meza ya jirani akatukoholea. Ila letu halimo. Tumetafuta kwenye G mbele nyuma, hamna.

Jumatano, Sokółka na Bohoniki

Mabasi ya kwenda huko vijijini ni ya kubahatisha kwa hiyo tukakodi gari. Njiani tumesimamishwa na askari, tuko karibu sana na mpaka wa Belarus, na tangu yale ya 2021 ya wahamiaji kusukumwa msituni hawa watu hawalali, 2022 wakajenga na ukuta wa chuma wa mita tano na nusu. Gari lina mzungu na mwanamke mweusi, mnaelewa wenyewe. Akachukua kadi yangu ya ukaazi, akasoma jina, akanyanyua macho, akaniuliza, jina la Kitatari hili? Nikamwambia baba, ungeniambia mapema ningekuja kwako badala ya kwenda Białystok. Kumbe yeye ni wa hukohuko, kasoma na watoto wa Kitatari darasa moja. Akasema ila yeye anajua wenye H, sio G. Hatukumtilia maanani.

Bohoniki ni kijiji kidogo kabisa, barabara moja, na katikati kuna msikiti wa mbao wa rangi ya kahawia wenye kimnara kidogo juu, ukipita haraka unaupita. Historia yao kwa ufupi ni hii. Watatari waliingia Lithuania mwisho wa karne ya 14, wakati wa Mtawala Witold, wengine wakimbizi wa vita vyao wenyewe, wengine askari wa kukodiwa, na 1410 walipigana pale Grunwald upande wa Poland na Lithuania. Walikuja wanaume bila wake, wakaoa wenyeji, na lugha yao ikafa kabla ya dini. Baadaye, 1679, Mfalme Jan III Sobieski alikuwa hana hela ya kuwalipa mishahara, akawagawia ardhi badala yake, Bohoniki, Kruszyniany na vijiji vingine. Na hapa lazima niseme, hadithi ya mashemeji zangu ya ukabaila haikuwa uongo mtupu, maana Mtatari aliyepewa ardhi kwa utumishi wa jeshi alikuwa na haki nyingi za kabaila. Walichosahau kusimulia ni qibla tu.

Ndani ya msikiti mazulia chini, ukutani aya za Qur'an kwenye fremu, na sehemu ya wanawake imetengwa kwa ukuta wa mbao wenye uwazi wa pazia. Mama anayetunza alinivalisha mtandio wakati nilishakuja na wangu. Nilimsalimia assalamu alaykum, akaitikia, afu akanigeukia mimi na kumwacha mume wangu pale mlangoni kama mgeni aliyeletwa na mkewe. Nilimtajia jina. Akalirudia mara mbili, akatikisa kichwa, hajawahi kulisikia. Akasema nendeni mizar.

Mizar ndo makaburi yao, juu ya kilima chenye misonobari nje ya kijiji, wanasema ndo makubwa kuliko yote ya Watatari Poland na bado wanazika. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Upande wa mbele makaburi mapya ya marumaru, mwezi na nyota, maandishi ya Kipolishi. Ukizidi kupanda yanakuwa ya mawe tu, limezungushiwa mawe ya shambani, kubwa kichwani, dogo miguuni, yameshaota ukungu. Mume wangu akaanzia juu, mi chini.

Kwenye mstari mmoja chini ya misonobari kuna mawe matatu yamefuatana. La zamani zaidi lina Kiarabu, nikachutama nikafuta majani. Shahada juu, afu jina, na jina linaanza na ha. Sio ha ya hewa, ile ya kooni, ح, ambayo ustadhi wetu Arusha alikuwa anatuchapa tukiikosea. La pili limeandikwa Kirusi juu na aya chini, na hapo jina linaanza na Г. La tatu ni la baada ya Vita vya Kwanza, Kipolishi, na jina linaanza na H. Watu wa ukoo mmoja, ukisoma jina la baba kwenye jiwe moja unamkuta ndo marehemu wa jiwe la nyuma yake. Nikamwita mume wangu nikapiga kelele mpaka kunguru wakaruka.

Kirusi hakina H. Mrusi akitaka kuandika jina lenye H anaweka Г, yaani G yake, ndo maana Hitler wao wanaandika Gitler. Kwa hiyo karani wa Kirusi alipoandika karatasi ya kuzaliwa ya huyu bwana akaweka Г kwa nia njema kabisa. Familia yake iliyobaki Bohoniki wao Poland iliporudi 1918 wakajirudishia H yao, maana walijua. Ila yeye kaipeleka ile karatasi kwa padri 1927, na padri kanakili anachokiona, G. Mtu mmoja, herufi moja, na likazaliwa jina jipya ambalo Poland nzima wanalo watoto wa huyo mmoja tu. Uchache wake wote umetokea hapo. Ukirudisha ile H, ukakata -wicz, kinachobaki ni jina la kiume ambalo Kondoa ukiliita sokoni wanageuka watu wanne. Mjomba wangu mmoja anaitwa hivyo. Yule aliyepinga harusi kuliko wote.

Kwenye ncha moja ya mizar kuna makaburi ya juzijuzi, udongo tu na mawe. Ni wahamiaji waliokufa msituni mpakani tangu 2021, Watatari ndo waliowaosha na kuwazika, na mengine hayana hata jina. Sisi tuliokuja kubishana kuhusu herufi moja tukasimama pale tumenyamaza. Nikawasomea Fatiha.

Alhamisi, Kruszyniany

Hii nitaipita haraka kwa sababu kwa jina letu haikuongeza kitu, ila mkifika Poland msiikose. Msikiti wa kijani, minara miwili mbele, ukiuona kwa mbali unaapa ni kanisa, wanasema mafundi wa mbao walikuwa Wakristo wa hukohuko na walijenga wanachokijua. Kijiji hiki alipewa Kanali Samuel Murza Krzeczowski na watu wake, na wenyeji wanasimulia kwamba ndo aliyemwokoa Mfalme Sobieski kwenye vita ya Parkany 1683. Mfalme Charles wa Uingereza alifika hapa 2010 kabla hajawa mfalme, picha utazikuta.

Tukala pierekaczewnik, ni unga uliosukumwa mwembamba tabaka juu ya tabaka na nyama katikati, umeviringishwa na kuokwa. Mume wangu anakula huku anasema huu ni urithi wangu. Jana alikuwa hajui kama upo.

Mzee mmoja wa pale tuliyekaa naye meza moja alituambia wale wenye H waliobaki walihamia magharibi baada ya vita, Gorzów, kama Watatari wengi waliotoka upande wa Wilno walivyokimbilia Gorzów, Szczecin na Gdańsk. Sensa ya 2011 ilihesabu Watatari wasiofika 2,000 Poland nzima. Nikamuuliza, mtu wao akihamia kanisani ilikuwaje? Akasema walikuwa hawampigi wala hawamfukuzi, walikuwa hawamtaji. Akaomba chai nyingine.

Ijumaa, Sokółka

Tulikuwa turudi zetu Warsaw ila mume wangu akasema tupite makumbusho ya hapa Sokółka, wana chumba cha Watatari. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, nikasema nusu saa tu. Tumetoka wanafunga.

Kwenye kabati la kioo kuna kitabu cha mkono, kurasa za njano, herufi za Kiarabu na irabu zake zote, fat'ha, kasra, dhumma. Mume wangu akanambia haya mama wa Kondoa tusomee. Nikainama nikaanza, na hamna ninachoelewa. Sio Kiarabu. Herufi nazijua, zipo na nyingine zimeongezwa vitone ambavyo sivijui, natamka moja moja kama mtoto wa juzuu amma, ya-sin-ta, jest... Nikasikia huyu mtu nyuma yangu anasema, nini? Rudia. Nikarudia, jest. Akasema hiyo ni "ni". Ni Kipolishi hicho!

Lugha yao ilipokufa wakabaki na Kipolishi na Kibelarusi midomoni na Kiarabu kwenye karatasi, wakaziunganisha, wakaandika dua na tafsiri na hadithi za mitume kwa lugha ya jirani na herufi za msikitini. Wazee wa Lamu na Pate waliandika Kiswahili hivyohivyo, hakuna cha ajabu, ila kukikuta Poland! Basi tukawa tunasoma hivi, mi natamka nisichokielewa, yeye anasikia asichoweza kukisoma. Yeye peke yake angeona mapambo, mi peke yangu ningesikia kelele. Tulipata maneno machache tu kwa sababu Kipolishi chenyewe ni cha zamani na kimechanganyika na Kibelarusi, "nie", "jest", "dzień", na moja tulibishania dakika kumi. Mlinzi alikuja kutuambia tusiegemee kioo, akasikia, akabaki na yeye anasaidia kubahatisha.

Kinachotukera ni kwamba tumekwama kwenye yule wa jiwe la Kiarabu, hatujui baba yake. Kumbukumbu za mkoa wa zamani wa Grodno ziko Grodno yenyewe, ni karibu kabisa na hapa, ila ni Belarus. Kivuko cha Kuźnica walikifunga Novemba 2021, wakaja kukifungua tena Novemba 2025, ila safari za huko ni za roho mkononi, na mi na paspoti yangu ya Tanzania sijaribu.

Jumamosi, Warsaw

Shangazi kasikiliza yote mikono kifuani. Tukamwonyesha picha ya ile ndoa, ya mawe matatu, nikamwelezea H na G kwenye kitambaa cha karatasi. Akasema haiwezekani, Poland ilibatizwa 966. Mume wangu akasema shangazi, Poland ndiyo, babu yako bado. Akainuka akaenda jikoni, vyombo vikasikika vinagongana huko muda mrefu. Aliporudi akaniuliza mimi, sio yeye, hao watu wa msikitini wanazika siku ngapi? Nikamwambia siku hiyohiyo wakiweza. Akasema marehemu baba yake aliacha wosia azikwe haraka, wasimlaze kanisani, na bila jeneza la kifahari, na padri alinuna. Wote walidhani ni ubahili.

Jioni mume wangu kaja na wazo lake. Kumbe sheria ya 2008 inaruhusu mtu kurudia jina la ukoo lililobadilishwa, unaandika ombi kwa mkuu wa ofisi ya usajili, unalipa zloti 37, unaambatanisha ushahidi, na ushahidi tunao. Turudishe H, anasema, macho yanang'aa. Nikamuuliza, kadi yangu ya ukaazi nani ataibadilisha? Paspoti je, ile ya kupangia foleni ubalozini Berlin? Cheti cha ndoa, cheti cha mtoto, NIDA ya nyumbani ambayo niliisubiri mpaka nikaota mvi, leseni, benki, bima? Huyo karani wa Kirusi hakutuuliza, sawa, ila hiyo G ndo iliyofika Siberia, ndo iliyoko kwenye jiwe la mama yao pale Tengeru. Yeye kama anaitaka H aende, mtoto akikua ataamua, mi niliolewa na G na foleni nyingine sipangi.